Majibu Hupewa Ndugu

Yule bwana alipofika ghorofa ya tatu aliegemea ukuta kwanza, akahema. Hospitali za binafsi zimeruhusiwa, mtaa mzima wa Mchafukoge vibao vyake vipya, lakini lifti? Thubutu! Utapanda ngazi mpaka ukome.

"Shikamoo," alisema Dokta Megha. "Wewe ni nani wa mgonjwa?"

"Marahaba. Naitwa Elimringi. Elisaria ni mdogo wangu, mlimpasua ngiri mwezi uliopita. Nimefuata majibu yake."

Dokta alishusha pumzi. Mwenzake aliyempasua Elisaria alishakwenda Botswana kutafuta maisha, kamwachia yeye habari mbaya za watu asiowajua hata sura. Kazi gani hii, jamani!

"Afadhali umekuja wewe ndugu yake," alisema akifunga mlango. "Mwenyewe nisingemwambia kitu."

Ndivyo ilivyokuwa. Majibu mazuri anapewa mgonjwa, mabaya wanapewa ndugu zake, na kila mtu mjini alijua hivyo.

"Ngiri yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Lakini ndani ya kile kifuko chake walikuta kinyama, wakakipeleka kupimwa. Ni kansa, mzee wangu, tena ya nadra. Mimi sijawahi kuiona. Imeshasambaa tumboni."

Yule bwana hakulia. Alichoka tu, akachoka mwili mzima.

"Dawa?"

"Hapa Bongo hakuna. Na huko nje, nisikudanganye, mtauza mali bure."

"Tumwambie?"

"Hapana! Mtu akijua anakata tamaa kabla ya siku zake. Krismasi hii mpelekeni kwenu Moshi akawaone wazee. Msingoje ya mwakani."

Aliinuka kwa kushika meza. "Asante, binti yangu. Pole na kazi."

Kariakoo jua lilikuwa linachoma. Alipita pembeni taratibu, akiwakwepa wenye mikokoteni waliokuwa wakipiga kelele kama kawaida yao, mpaka akafika kwenye duka la vitenge. Severa, mwenye duka, aliacha wateja wamesimama, akamkimbilia.

"Baba Fortunata! Kidonda hakijakauka, unazurura juani? Si tulikubaliana kaka yako Elimringi ndiye atakayefuata majibu kesho?"

Mumewe alikaa polepole juu ya robota la vitenge.

"Asiende tena," alisema. "Nimekwenda mwenyewe. Wamesema nimepona."