Sayari Yenye Majua Mawili

Preye alilifuta jua la tatu. Yakabaki mawili, mekundu, yamening'inia chini karibu na vichwa vya miti.

"Hapo sasa," ilisema sauti kwenye simu. "Matatu yalikuwa ya kitoto. Yashushe kidogo tena, yawe kama yanataka kuunguza matawi."

Akayashusha. Kwenye kioo cha kompyuta sayari ile ikazidi kutisha: maji meusi yanayong'aa kama mgongo wa mbawakawa, mizizi iliyosimama mitupu, mbingu ya rangi ya ini. Hakuna ndege. Hakuna jani.

Bwana Osaro alikuwa mteja wake wa kwanza tangu msiba. Alikuta kazi zake mtandaoni, akapiga simu kutoka Lagos, akasema anatengeneza filamu ya anga za mbali na anatafuta sayari ambayo hakuna aliyewahi kuikanyaga. Alikuwa mtu wa subira, alijua kusifu, na kila alipopiga aliuliza kwanza hali ya mama.

"Sijui hata nianzie wapi," Preye alikuwa amemwambia siku ya mwanzo.

"Anza na unapopajua. Kwenu hakuna mto?"

Ulikuwepo. Bomba la mafuta lilipasuka msimu wa mvua, mto wa kijiji chao, Kiriama, ukageuka lami, na ng'ambo mienge miwili ya gesi ya kampuni ya mafuta ikaendelea kuwaka mchana na usiku kana kwamba hakuna kilichotokea. Doubra, kaka yake Preye, ndiye aliyeingia na mtumbwi kupiga picha. Akazituma kwa wakili wa kijiji. Aliporudi mtoni mara ya pili, moto ulishika juu ya maji, na hakuna aliyemwona tena.

Kesi ya kijiji sasa ilisimama kwa vitu viwili tu: picha za Doubra, na Chifu Amakiri, mzee aliyekubali kupanda kizimbani na kuapa kwamba ni za mto wao.

Preye hakuzitumia picha zile. Hata kuzifungua hakuweza. Alichora kwa moyo, na mkono ukaenda wenyewe ulikozoea.

Asubuhi moja mama yake alipita na sahani ya samaki wa friza kutoka mjini, samaki wa pekee waliokuwa wakila siku hizi. Akasimama nyuma ya kiti.

"Hapo si kwa shangazi yako Ebimo, pale kwenye gati?"

"Mama, hii ni sayari nyingine. Mbali, huko juu kabisa."

Mama akaitazama tena, akakohoa kikohozi chake cha masizi.

"Kumbe na huko wameshachimba."

Preye alicheka mpaka akatoa machozi. Jioni alimsimulia Bwana Osaro, naye akacheka. "Hebu rudia. Alisema ni kwa nani? Neno kwa neno."

Baada ya hapo maombi yake yakawa madogo madogo. Mizizi isogee kushoto. Maji yapinde kidogo upande wa pili. Mwisho akauliza, "Na hicho kidoa katikati ya mto ni nini?"

"Mtumbwi. Kuna mtu ndani."

"Mwondoe, Preye. Sayari haina watu."

Simu ilipokatika aliweka kidole juu ya kitufe cha kufuta. Ndugu yake alikuwa amekwisha kufa mara moja. Akamfuta. Halafu, kama alivyoombwa, akaandika jina lake kwenye kona, dogo, lisiharibu mandhari, akaituma kazi.

"Hii ni kazi ya kipekee," Bwana Osaro alimwambia. Hakupiga tena. Preye hakushangaa sana; watu wa filamu wana shughuli nyingi.

Siku ya kesi, Kiriama nzima ilihamia mahakamani mjini Yenagoa, na nguo za kuazima. Preye na mama yake walibanwa kwenye benchi la nyuma. Wakili wa kijiji akazionyesha picha za Doubra ukutani kwa projekta, moja baada ya nyingine, na Chifu Amakiri akazieleza bila kutetereka: huu mto, hii mikoko, huyu samaki aliyekufa. Jaji alikuwa akiandika. Kwa mara ya kwanza tangu mto uharibike, watu walitazamana kama wanaothubutu kutumaini.

Wakili wa kampuni akasimama. Mpaka hapo alikuwa amewapa mgongo.

"Chifu, pole kwa safari. Hawajambo nyumbani?"

Preye akainua kichwa. Uso ule hakuwahi kuuona. Sauti ndiyo aliyoijua, ile ya kwenye simu.

"Nina picha moja tu ya kukuonyesha, mzee wangu. Unapatambua hapa?"

Picha ikajaa ukuta mzima. Chifu Amakiri akainuka nusu kwenye kiti.

"Hapa? Hapa ndipo kilipozikwa kitovu changu! Hiyo ndiyo mienge yao ya gesi, ile pale, yote miwili!"

"Ni kwetu!" mabenchi yakapaza sauti. "Ni kwetu kabisa!" Wanawake wakaangua kilio. Mama peke yake alimgeukia binti yake. Aliushika mkono wa Preye, akaukaza.

"Huna shaka yoyote, Chifu? Kumbuka umeapa."

"Nimeapa mbele ya Mungu. Hata ukinifumba macho nitapajua."

"Ahsante sana, mzee."

Akageuka, akayapitisha macho taratibu kwenye mabenchi mpaka akamwona aliyemtafuta.

"Mheshimiwa Jaji," alisema, kwa upole ule ule, "naomba kumwita msichana aliyeichora."