Damu Kwenye Zulizuli

Damu ilitakiwa itajwe kwenye kichwa cha habari, irudi kwenye aya ya kwanza, kisha inyunyizwe humo katikati bila kuzidi. Ndivyo mhariri alivyoagiza. "Jinsi ya Kutoa Damu Kwenye Zulia." Kila siku watu waliuliza swali hilo mtandaoni, na tovuti yao ya usafi wa nyumba ilitaka jibu lake litangulie mengine yote.

"Kwani huko majumbani wanachinjana?" mwandishi aliuliza.

"Wanatokwa damu puani. Andika."

Akaandika. Maji ya baridi, kamwe si ya moto. Chumvi. Gusagusa kwa kitambaa, usisugue. Mhariri akaja kusimama nyuma ya kiti chake, akikuna kidevu.

"Hii 'zulizuli' ni mdudu gani?"

"Ni zulia. Dada yangu alipokuwa mdogo ndivyo alivyoliita, nyumba nzima tukadakia."

"Hakuna mtu duniani atakayetafuta neno hilo. Toa. Na hii nayo: 'Kabla ya kuanza, vaa nguo unayoichukia kuliko zote.' Bibie, mtambo wa kutafutia hauna meno, haucheki. Uandikie mtambo kwanza, binadamu atafuata."

"Mimi namwandikia dada yangu, bosi. Mtambo utamfikisha mlangoni, sawa. Nani atamkaribisha ndani?"

Mhariri akasonya, akaenda zake. Maneno yote yakabaki.

Dada ndiye aliyekuwa msomaji wake mkubwa. Alisoma kila makala, hata ile ya kuzibua sinki, kisha akapiga simu kumtania. Siku hizi simu hazikuja. Shemeji, fundi wa kuchomelea vyuma ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche, alikuwa ameipasulia ukutani simu ya mkewe, na jioni hiyohiyo akamng'oa jino. "Nimeteleza bafuni," dada alisema hospitalini, midomo imevimba. Mumewe alisimama kando ya kitanda ndani ya ovaroli lake la bluu lenye kofia, akitabasamu kama mgeni rasmi. Ovaroli lenyewe dada ndiye aliyelifua kila wiki, na kila wiki alilitukana.

Mwandishi alikwenda polisi. Wakamwambia hayo ni mambo ya mke na mume, asijitie kimbelembele. Tangu hapo alimchukia Cheche kwa chuki ya kuamka nayo asubuhi na kulala nayo usiku.

Mchana mmoja wa mvua, makala ikiwa imeshapanda ukurasa wa kwanza wa matokeo ya mtambo, alikuwa anapitia maneno ambayo wasomaji waliyaandika kwenye kisanduku cha kutafutia cha tovuti yao. Kutoa kutu. Harufu ya viatu. Kisha akarudia kusoma mstari mmoja.

*kutoa damu zulizuli*

Akafungua upya. Ukaingia mwingine.

*damu nyingi zulizuli haitoki*

Msomaji mgeni angeandika 'zulia', na wazazi wao walishafariki; wenye neno hilo walibaki yeye, dada yake, na Cheche, aliyelidaka ili amkejeli mkewe. Yeye alikuwa hapa kitini. Dada hakuwa na simu.

"Amemuua," alisema, na ofisi nzima ikageuka kumtazama.

Hakumpigia Cheche, kumpigia ni kumshtua akimbie. Polisi hakutaka hata kuwafikiria. Alitoka na viatu vyake vya ofisini, akakanyaga matope njia nzima huku akilia na kutukana kwa sauti, na watu waliokuwa wamejikinga mvua wakampisha.

Uani kwa Cheche kulikuwa na rundo la nondo zilizokatwa. Akachagua moja iliyomkaa mkononi. Mlango ulikuwa wazi.

Sebuleni meza ilikuwa imepinduka na kiti kimevunjika mguu. Damu ilikuwa imeruka ukutani mpaka kwenye saa. Pakiti ya chumvi ilikuwa imechanwa, na beseni la maji limegeuka jekundu. Katikati ya zulia, ovaroli la bluu lilikuwa limepiga magoti, kofia imevutwa kichwani, mgongo umeelekea mlangoni. Lilikuwa likigusagusa zulia kwa kitambaa, taratibu, bila kusugua.

Kwa hiyo alikuwa anafuata maelekezo. Alikuwa amemuua dada wa watu, na sasa anamfuta kwa maneno ya mdogo wake mwenyewe.

Akili ikamruka. Akainua nondo kwa mikono miwili akaishusha kichwani, kwa nguvu zote alizojaliwa. Mfupa ukalia. Ovaroli likayumba, likajaribu kugeuka, nayo nondo ikashuka tena, na tena, mpaka likaanguka kifudifudi na beseni likamwagika.

"Yuko wapi?" alipiga kelele, akitweta. "Umemweka wapi dada yangu?"

Akaliruka, akazunguka kochi kumtafuta. Nyuma ya kochi ilitokeza miguu: minene, yenye vinyweleo, kucha zimeingia kutu ya vyuma. Kando yake palikuwa na nyundo.

Akageuka polepole. Mikono ya lile ovaroli ilikuwa imekunjwa mara mbili ili isimpwaye aliyelivaa. Hatua chache kutoka kwenye vidole vyake vyembamba, juu ya zulizuli, simu ya Cheche ilikuwa bado inawaka, imefunguliwa pale juu kabisa ya makala: *Kabla ya kuanza, vaa nguo unayoichukia kuliko zote.*