Namba Tisa

Shangazi Ndeamtso alikuwa ameagiza swichi ya sufuria la umeme ibaki namba mbili, kwa sababu uji wa ulezi wa mbege, ile pombe ya ndizi ya Wachaga, hutaka moto wa taratibu. Mpwa wake Kundaeli alikuwa na haraka. Aliizungusha hadi tisa, kwa taadhima ya waziri anayezindua daraja, na uji ukaungua na kushika kitako cha sufuria.

Mbege ilipoiva, wakwe walikuja kwa Kundaeli kutoa jibu la posa ya mwanawe. Kwa desturi, mwenye nyumba huonja kwanza. Kundaeli alionja masizi, akatabasamu, akampa kibuyu baba wa binti aliyeposwa.

Mzee alimeza, akakunja uso. "Hii imepikwa na nani?"

"Shangazi," Kundaeli akajibu.

Shangazi alikuwa ameketi palepale, na kwa miaka arobaini hakuna harusi mtaani ambako watu walikunywa mbege ya mtu mwingine. Alimtazama Kundaeli kidogo.

"Ni mimi," akasema. "Siku hizi macho hayaoni namba vizuri, mkwe wangu."

"Pole, mama," mzee akasema. "Uzee hauna adabu. Binti ni wenu."

Watu wakacheka. Shangazi akachukua kibuyu, akanywa hadi tone la mwisho, kisha akamnyooshea Kundaeli amjazie tena.