Mlango wa Watazamaji Elfu

Biashara matangazo, na siku hizi mlango wa duka haufunguki asubuhi mpaka video ya siku hiyo itazamwe na watu elfu moja. Mwanahawa alirekodi vitumbua vyake vikiiva. Watazamaji hawakufika hata hamsini. Siku moja kamera ikamnasa mama yake, aliyekwisha kupoteza kumbukumbu, akiuliza, "Baba yenu kaenda wapi?" Alipoambiwa amefariki, alilia kama msiba ni wa leo. Mlango ukafunguka.

Tangu hapo, kila asubuhi ikawa hivyo.

Leo mama ametulia, anakunywa chai yake. Unga umeumuka, mlango umefungwa. Mwanahawa si wa kushindwa na mlango. Akajifunga kibwebwe, akawasha kamera, akamsogelea.

"Mama, mbona leo humuulizii baba?"