Mjane wa Mkombozi

Sanamu ilikuwa imeshafungwa mnyororo shingoni na kreni ilikuwa ikinguruma, lakini kazi haikusonga. Kikongwe mmoja alikuwa ameketi kwenye kona ya jukwaa la zege, chini ya buti za sanamu, akipanga maua.

"Ndiye huyo," dereva wa kreni alimwambia msimamizi. "Mjane wa Mkombozi."

Mji mzima ulimwita hivyo kwa kejeli. Huyo Mkombozi alijipa jina mwenyewe, akatawala miaka ishirini na miwili, akajaza magereza, na watu wengine wakapotea moja kwa moja. Mpaka leo walikuwepo waliosema angalau alijenga barabara. Wenzao waliwajibu kwamba barabara hizo ndizo zilizowapeleka watu wasikorudi. Lakini hata wale waliomsifu hawakuwahi kumletea maua. Kikongwe huyu alileta kila wiki.

Msimamizi aliona kinyaa. Watu wa namna hiyo aliwajua. Walimlamba bwana wao viatu, na alipokufa wakahamia kaburini.

"Bibi, inuka. Tunamshusha bwana wako."

"Mshusheni." Kikongwe hakuinua hata macho. "Mkamyeyushe mfue masufuria. Ila zege hili liacheni."

Mafundi wakaangua kicheko.

"Zege linavunjwa lote," msimamizi alisema. "Hatutaki ibaki hata alama."

"Basi msitumie mashine. Vunjeni kwa mkono, taratibu."

"Kumbe unahurumia hata mahali alipokanyaga?"

Kikongwe aliwatazama mafundi mmoja mmoja, kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. "Alipokuwa hai mlimpigia makofi. Sasa amekuwa shaba, ndiyo mmepata ushujaa."

Maneno hayo yalimchoma msimamizi. Alimsogelea mpaka kivuli chake kikayafunika maua.

"Usinifundishe ushujaa mimi. Zege hili alilimwaga baba yangu. Askari walimtoa kitandani alfajiri, wakamsimamia na bunduki mpaka akamaliza. Aliporudi nyumbani aliutupa mwiko wake wa uashi, na hakujenga tena hata banda la kuku mpaka anaingia kaburini. Tulilala njaa, lakini hakumtumikia yule mshenzi mara ya pili. Huyo ndiye mwanamume. Wewe umefanya nini? Maua."

Dereva alizima kreni ili asikie vizuri.

Kwa mara ya kwanza kikongwe alimtazama msimamizi usoni. Alimtazama kwa muda mrefu, paji la uso, pua, kidevu.

"Kweli," alisema. "Umefanana na fundi."

"Ulimjua baba?"

"Alikuja kwangu mara moja. Nilimkaribisha ndani, akakataa. Akapiga magoti pale pale mlangoni."

Msimamizi alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na uhakika. "Baba yangu? Akupigie magoti wewe? Alitaka nini?"

"Msamaha." Kikongwe alirudi kwenye maua yake. "Alinieleza ni kona ipi walipomlaza mume wangu. Akasema alipoanza kumwaga zege, mume wangu alikuwa bado anamwita kwa jina."