Kikombe cha Shekue

Katika mji ule mwoga hakutukanwa, alifudikiziwa kikombe. Kila alasiri muuza kahawa aliwamiminia wanaume wote barazani, lakini akifika kwa Shekue humwekea kikombe chake kifudifudi na kupita. Miaka saba ilikuwa imepita tangu Shekue alipoiachia kamba na kutimua mbio, kisima kikamporomokea mwenzake, Bwanaheri, aliyekuwa ndani akichimba.

Siku hiyo Shekue alikikuta kikombe chake kimesimama, kimejaa pomoni.

"Mmenisamehe, jamani?" akauliza.

Muuza kahawa alikuwa ndiyo kwanza anafika, birika mkononi. "Ndugu yangu, mimi sijakumiminia."

Shekue akanywa hivyo hivyo, kwa kiu ya miaka saba. Yalikuwa maji baridi, yenye ladha ya udongo.

Ng'ambo ya njia, palipokuwa kisima kile, kamba ile ambayo hakuna aliyethubutu kuiondoa, na ambayo ncha yake ilizama kifusini, ikaanza kukaza taratibu, kama imeshikwa na mtu aliye chini.

Shekue akakifudikiza kikombe kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akavua makubazi, kama afanyavyo mtu anayetaka kushuka, au kukimbia.