Krimu ya Dubai

Mwanaasha alikisugua kile kipande mfano wa sabuni kwenye beseni la maji mbele ya wateja wake wote, akangoja povu. Akasugua tena, kwa nguvu zaidi. Povu halikuja, naye akakiinua juu wakione, mdomo ameubetua upande.

Aliwauliza wamewahi kuona wapi sabuni iliyogoma kutoa povu. Saluni nzima ikacheka, na aliyekileta akabaki mlangoni na kikapu chake.

Huyo alikuwa Atuganile, binti wa kutoka Mbeya, ambaye mwaka jana alipanga fremu ya duka ya jirani, ukuta kwa ukuta na saluni ya Mwanaasha pale Mtoni. Humo alikuwa akiyeyusha mafuta na viambato vyake, akimimina kwenye vikopo na kuuza vipande vya kondishena. Mwanaasha alianza kushika vichwa vya mabibi harusi wa Temeke kabla binti huyo hajaota meno, na hakuelewa mzaha kama ule umepewaje fremu.

"Si sabuni, mama," Atuganile alisema. "Kikitoa povu, ujue umeuziwa sabuni, na sabuni itakukausha nywele. Hii ni kondishena ileile ya kwenye chupa, ila haijatiwa maji. Unaosha kwanza kwa shampuu, unakipitisha kwenye nywele zikiwa zimelowa, unachana, unasuuza."

"Haijatiwa maji," Mwanaasha alirudia. "Basi rudi ukaitie maji, mwanangu, ndiyo uje uzungumze na watu wazima."

Wakacheka tena. Atuganile aliacha kipande kimoja cha kujaribia, akaaga kwa heshima zote, na heshima ile ikamkera Mwanaasha kuliko tusi.

Yeye alikuwa na krimu yake ya Dubai. Suhaib, mtoto wa kaka yake, ndiye aliyekuwa akimletea tangu mwaka jana, na tangu mwaka jana saluni haikupumzika. Nywele ngumu kama katani ziliingia pale na kutoka zikiteleza. Safari nyingine chupa zilifika zingali na uvuguvugu, na Mwanaasha aliwaeleza wateja kwa majivuno kwamba mzigo umetoka moja kwa moja uwanja wa ndege, na jua la Kipawa halina adabu.

Jioni, alipobaki peke yake, alikipitisha kile kipande nusu ya kichwa chake mwenyewe. Kitana kiliteleza sawasawa na upande wa krimu. Alikitazama kitana kwa hasira, akaamua kwamba ni krimu ya juma lililopita bado imo kichwani, akakitupa kipande kwenye ndoo ya taka.

Lakini wateja walianza kumpitia jirani. Binti yule aliwafundisha hata kuchagua: kipande kizuri kisinuke manukato hadi kikaumiza kichwa, kisiwe kikavu kama chaki, na ukimaliza ukiweke pakavu kisije kikayeyuka bure. Mwanaasha aliyasikia hayo ukutani, akasonya. Hata maji kinayaogopa, alijisemea, na watu wazima wanakinunua.

Nafasi ikaja yenyewe. Mzee Jabiri, mwenye fremu zote mbili, alikuwa akimwoza binti yake Rukaiya siku ya Ijumaa. Mwanaasha alimwendea, akaahidi kumtengeneza bibi harusi na wanawake wote wa pande mbili kwa krimu ya Dubai, bure, iwe zawadi yake. Alichoomba ni kimoja tu: yule mpika vipande aondoke, kwa kuwa kazi ya heshima haifanyiki ukuta mmoja na utapeli. Mzee Jabiri, ambaye cha bure hakikuwahi kumpita, alikubali kabla chai haijapoa.

Suhaib aliposikia, alikuja mbio.

"Shangazi, mwache yule dada. Anakudhuru nini?"

"Umempenda?"

"Sijampenda. Mie nakuomba tu."

Mwanaasha alimcheka waziwazi. Wanaume ni hao, alimwambia, sura moja tu wanasahau ukoo. Yeye alete krimu ya harusi Alhamisi, mambo ya Mtoni amwachie mwenyewe.

Jumatano Atuganile alipakia sufuria na vikopo vyake kwenye bajaji. Alipita akatoa shikamoo yake kama kawaida. Mwanaasha, mikono kifuani, hakuiitikia. Alifurahi, na furaha ile hakuionea haya hata kidogo.

Alhamisi mchana saluni ilijaa hadi kibarazani. Rukaiya alikuwa kitini, nywele zimeoshwa, zimejisokota mafundo matupu, na nyuma yake mama, mashangazi na mawifi wa upande wa pili, wote vichwa vimelowa, wakingoja hiyo Dubai waliyoisikia mtaa mzima. Mwanaasha aliikamua chupa ya mwisho. Ikatoa tone moja, ikakohoa hewa. Aliwaambia watulie, mzigo uko njiani.

Kupitia mlangoni alimwona Suhaib akifika, akisimama kwanza kwenye fremu ya jirani, akilitazama kufuli lililoning'inia mlangoni pake. Mapenzi hayo, Mwanaasha alijisemea kwa dharau. Kisha kijana akaingia na kapu la chupa mkono mmoja, na birika la maji likifuka mvuke mkono wa pili. Mwanaasha alinyakua chupa. Ilikuwa tupu.

"Mzigo uko wapi?" aliuliza mbele ya watu wote.

"Maji ninayo, shangazi," Suhaib alisema, akiliweka birika chini. "Dubai ndiyo umeifukuza mwenyewe jana."